Mlango Katika Ukuta wa Kituo

Mama,

Mvua za kwanza zimeshapiga kaburi lako, na udongo umetitia upande wa miguu. Nitapeleka udongo mwingine wiki hii. Lakini sikuandikii kwa ajili hiyo. Nakuandikia kwa sababu wanataka kujenga kituo kikuu hapa Kasongo, mimi nimo katika kamati, na mambo yameharibika.

Ungecheka. Binti yako muuza mawese anakaa meza moja na injinia kutoka Kindu! Wanawake wa soko walinichagua kwa sababu nina mdomo, na mdomo huo nimeurithi kwako. Kituo kitakuwa katikati ya mji, pembeni ya soko: malori yashushie hapo, baiskeli za mchele zipate pa kuegemea, watu wanaotoka mtoni Nyangwe wakute pikipiki chini ya bati badala ya kuloa. Injinia alitandaza karatasi yake, tukazuia pembe kwa chupa zangu za mawese. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike nifurahie kitu.

Halafu nikaona mstari mweusi katikati ya karatasi. Nikauliza ni nini. Ukuta, akasema. Upande huu pikipiki za Kabambare, upande ule pikipiki za mji. Mama, ni ile kamba. Kamba ya pale unapoingilia mji inahamia sokoni, na safari hii ni ya matofali.

Najua ilitoka wapi. Vijana wa Kabambare na wa Kasongo walipokatana mapanga kwa kugombea abiria, Yaya Saidi, mwanao mkubwa, ndiye aliyekaa na wakubwa wa pande zote mpaka wakapatana: wa Kabambare ateremshe abiria kwenye kamba, wa mji ampokee kwa zamu. Wewe ulipika wali wa siku ya mapatano. Ulisema, "Afazali kamba kuliko mapanga." Na kweli, tangu hapo hawajapigana.

Nikaomba mlango. Mlango tu katika ukuta, ili pikipiki iliyobeba mgonjwa ipite moja kwa moja hadi hospitali. Mkubwa wa pikipiki za mji akacheka: "Kila mutu atasema iko na mugonjwa!" Mwingine akasema basi mgonjwa alete karatasi ya daktari. Karatasi! Wewe ulikuwa huwezi hata kushika kikombe.

Nikawaeleza jinsi Yaya alivyotuleta kwa pikipiki yake kutoka upande wa Kabambare, tukakulaza juu ya kitenge changu pale kwenye kamba. Mwenye zamu alikuwa ameenda kutafuta mafuta, na wenzake hawakuthubutu kumpita. Uliuliza, "Saidi, tunangojea nini?" Yaya akajibu, "Zamu, mama." Bati la hospitali tulikuwa tunaliona kutoka pale. Nilishindwa kumaliza, nikakaa.

Wakapiga kura. Nilimtazama Yaya, maana ndiye anayewasemea wa Kabambare, nikajua mkono wake ndio utakaotangulia. Hakuuinua. Alisema bila kuniangalia, "Ile sheria iko ya amani. Tusiiguse." Mlango ukakataliwa.

Nilimchukia, Mama. Nakuambia wazi. Nilimfuata nje hadi kwenye pikipiki yake nikiwa na maneno ambayo dada hamwambii kaka yake. Akaniwahi: "Ukiweka mulango, watu watauliza mbona siku ile sikupita." Akatia ufunguo, akaondoka. Amekonda. Mkewe anasema anakula kwa kulazimishwa.

Basi nimeelewa. Kila anayesema kamba ile ingeweza kuvukwa anamwambia kwamba yeye ndiye aliyekuua. Atautetea ukuta huo mpaka afe, na watu wa Kabambare wataendelea kufia upande wake, wakiuliza wanangojea nini.

Injinia atarudi kabla ya msingi kuchimbwa, na nimeomba kusema tena. Nitasimama mbele ya wote niseme kwamba Yaya alitaka kuvuka, kwamba alikuwa ameshawasha pikipiki, na mimi ndiye niliyemshika mkono nikamwambia tungoje zamu. Wale wengine walikuwa mbali, kivulini, hawatabisha. Sokoni watanisema, na wateja wengine watanikimbia. Wacha waseme. Saidi atainua mkono, namjua.

Mungu akupanulie kaburi, Mama. Nakuahidi mlango huo. Nakuahidi pia kwamba mwanao hatasikia tena habari ya siku ile kinywani mwangu. Pale kwenye kitenge tulikuwa watatu tu, na wewe ulikuwa macho bado. Ulinisikia nikimlilia avuke. Tafadhali, na wewe uninyamazie.