Mkono wa Bibi Yako Kando ya Barafu

Nastia, mjukuu wangu uliye mbali,

Najua hutarajii neno kutoka kwangu, na hata kama ungelitarajia usingedhani lingekuja hivi, kwa barua ya wazi, mbele za watu. Lakini nilikusema hadharani. Nilisimama kando ya jeneza la bibi yako kule kwetu Vihiga, nikashika kipaza sauti, nikawaambia waombolezaji wote kwamba mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusimama kwenye barafu ndiye aliyemvunja moyo akafa. Watu waliguna. Akina mama walitikisa vichwa. Mpaka leo, hapa mtaani Kabiria, wapo wanaokujua kwa maneno hayo tu. Neno lililotoka kwenye kipaza sauti halirudishwi kwa kunong'ona kwenye simu. Tena sina muda. Moyo wangu umechoka, daktari hafichi tena, na kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha barazani ni safari inayonihitaji nipumzike katikati.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Hii ndiyo iliyokuwa lugha yetu ya siri. Bibi yako Ludmila alikuwa kocha wa kuteleza kwenye barafu, mimi nilikuwa mhandisi wa madaraja niliyekwenda Leningrad kusoma nikaoa na kubaki, na katika uwanja wa barafu sikuwa na kazi yoyote ila kukaa kwenye benchi na chupa ya chai. Kutoka kwenye benchi hilo nilikuwa nakupigia kelele, "Magoti, Nastia! Kunja magoti!" Wazazi wa watoto wengine walinigeukia kwa mashaka, wakidhani nakupa mbinu zilizofichwa. Ulicheka sana. Ukamfundisha na Ilya, mwenzako wa kuteleza. Kabla hajakurusha angani mlikuwa mkihesabu pamoja, "Moja, mbili, twende!" na yule kijana wa Kirusi, mwenye masikio mekundu, alitamka "twende" vizuri kuliko baadhi ya watoto wangu wa kuzaa.

Unakumbuka likizo tuliyokuja naye hapa Kabiria? Bibi yako alikataa mpumzike. Hakukuwa na barafu, basi akawafanyisha mazoezi ya kubebana kwenye nyasi za uani, Ilya akikuinua juu ya kichwa kwa mkono mmoja na wewe umenyooka kama ubao. Ua wetu wa michongoma ulijaa macho. Jirani yetu Mama Brayo aliacha kufua, akasimama na povu mikononi.

"Mzee, kwani huyu kijana ni wa sarakasi?"

"Ni wa barafu," nikamwambia.

"Barafu gani? Ya friji?"

"Wanateleza juu yake. Wawili wawili. Ni mashindano."

Akakutazama ulivyokuwa huko juu, akafanya ishara ya msalaba. "Aki ya nani, akimwangusha huyo mtoto mimi sikuwa hapa. Msiniite shahidi!"

Ilya hakukuangusha. Jioni watoto wa nyumba zote za plot yetu walipanga foleni wainuliwe na wao, wakipiga kelele, "Ilia, mimi! Ilia, na mimi!" na bibi yako akawaruhusu, mmoja mmoja, akisahihisha migongo yao kwa Kirusi kana kwamba angewapeleka Olimpiki kesho yake. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja na meno mawili ya mbele yaliyokuwa makubwa kuliko uso. Ulininong'oneza, "Guga, sitawahi kuteleza na mtu mwingine." Guga, ulivyokuwa ukiniita kama watoto wote wa Maragoli wanavyowaita babu zao. Sikukuomba uniahidi. Uliahidi mwenyewe.

Kisha ukarefuka. Bega la Ilya likaanza kumsumbua. Ikaja ile simu kutoka Moskva, kutoka kwa yule kocha ambaye mlango wake kila mzazi anautamani, na masharti yake yalikuwa mepesi kuyaeleza: uje wewe, Ilya abaki, yupo kijana mwingine aliyekwisha kuachwa bila mwenzake. Mama yako alilijua jambo hilo. Wewe ulilijua. Mlikaa nalo mezani kwetu mkinywa supu ya bibi yako. Yeye alikuja kulijua alipolisoma kwenye simu, katika habari za mchezo, ambako lilikuwa limeandikwa kama wanavyoandika huko siku zote: jozi imevunjika, msichana amebadilisha kocha, wanatakiana heri. Alisoma akiwa amesimama jikoni. Akaniuliza mimi, mtu wa madaraja, "Nani amemtakia nani heri?"

Sikatai kwamba Moskva walikufundisha kuruka. Sikatai kwamba kwenu huko jozi huvunjwa kama watu wanavyobadilisha nguo, na wanaovunja husema ni kazi, si chuki. Niliishi huko, nimeyaona. Niliwaona makocha wakiletewa maua na mtoto wiki hii, na wiki ijayo mtoto huyo huyo akipita kwenye ujia kana kwamba pale pamesimama nguzo. Lakini nilidhani hayo ni mambo ya watu wengine. Ilya alikuja kwetu mara kwa mara baada ya hapo, akikaa kwenye kiti chako, akila kidogo. Hakukusema vibaya hata siku moja, na hilo lilinikasirisha zaidi. Sasa anafundisha watoto wadogo katika uwanja wa barafu ulio ndani ya duka la kifahari. Ananitumia salamu kila Mwaka Mpya. Wewe hujawahi.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Katika mchezo wenu, anayeshikilia vifuniko vyako ndiye kocha wako. Watu wa hapa hawajui, kwa hiyo naeleza: viatu vya barafu vina chuma chenye makali chini, na mtelezaji akitoka nje ya barafu lazima akivike kifuniko cha plastiki, la sivyo sakafu itakiharibu. Mtoto anapoingia kwenye barafu humwachia kocha vifuniko. Akimaliza hurudi langoni, hunyoosha mkono, na kocha huviweka mkononi mwake. Vyako vilikuwa vyekundu. Ulipoondoka kwenda Moskva vilibaki katika mfuko wa koti la bibi yako, naye hakuvitoa. Nilimwambia avitupe. Akaniambia nishughulike na madaraja yangu.

Katika mashindano yako ya kwanza na yule kijana mpya, bibi yako alikuwepo na jozi yake ya watoto wadogo, ambao walikuwa waingie baada yenu. Mimi nilikuwa juu, miongoni mwa watazamaji. Kijana yule alikurusha ukaanguka vibaya, ukainuka, ukamaliza. Ulikuja langoni ukilia, huoni mbele. Kocha wako mpya alikuwa amesimama upande mmoja na vifuniko vya bluu. Bibi yako alikuwa upande wa pili na wale watoto wake. Na wewe, Nastia, ulikwenda kwa bibi yako. Ulinyoosha mkono kwake, bila kutazama, kama ulivyofanya maelfu ya mara. Naye, kabla hajafikiri, alikuwa amekwisha kutoa vile vyekundu mfukoni.

Ndipo kocha wako akakuita. Ukainua macho ukaona ni mkono wa nani. Ukageuka. Ukachukua vya bluu.

Mkono wa bibi yako ulibaki hewani. Uwanja mzima, na kamera, na mimi, tuliuona mkono ule wa mwanamke mzee ukiwa umenyooshwa na vipande viwili vya plastiki ambavyo hakuna aliyevitaka. Sijawahi kumwona mtu akiaibishwa vile, na nimeishi miaka mingi nikiwa mtu mweusi katika nchi ya wazungu.

Kwenye treni ya kurudi nilikuwa na hasira. Yeye alikuwa anatazama dirishani, na nilipomkaribia niliona anatabasamu.

"Uliona?" akaniuliza. "Alikuja kwangu."

"Niliona alivyogeuka."

"Kugeuka kulikuja baadaye," akasema. "Kwanza alikuja kwangu."

Tulibishana juu ya jambo hilo mpaka alipokufa. Watoto wengine aliowafundisha walihamia kwa makocha wengine, maana mzazi akiona bingwa amekimbia naye hukimbia, tukauza nyumba tukaja hapa Kabiria. Alipanda shibiti, majani ya kutia kwenye supu yake, katika vidumu vilivyokatwa, akawafundisha watoto wa Mama Brayo kusimama wima, na ugonjwa wa kifua ukammaliza. Siku zake za mwisho alikuwa akiuguzwa na Mideva, mjukuu wa ndugu yangu, yule mwenye duka la nguo za mitumba Kawangware, ambaye unamjua. Asubuhi moja bibi yako alimtuma Mideva dukani, akanivuta karibu, akanipa vile vifuniko vyekundu. "Mpe Nastia vyake. Mwambie nilimwona akija. Mwambie sina kinyongo, na asiwe nacho juu yake mwenyewe."

Nikamwambia nitakuambia. Nilimshika mkono nikamwambia.

Baada ya mazishi ulipiga simu. Ulikuwa unalia hata Kiswahili chako kikakatika. Uliniuliza, "Guga, alisema nini kunihusu?" Nami nilikuwa nimekaa kwenye kitanda chake, vifuniko vikiwa mapajani mwangu. Nikakujibu, "Hakusema lolote."

Uliniuliza tena. Nikarudia.

Sikufanya hivyo kwa bahati mbaya, wala kwa huzuni, wala kwa sababu ya umri. Nilitaka ubaki na mkono wako hewani. Nilitaka ujue kunavyokuwa. Na nitakuambia ukweli wote kwa kuwa nimeanza: ulipokata simu nilijisikia vizuri. Nilijisikia vizuri kwa muda mrefu. Hukupiga tena, na hilo nalo nikalitumia kama ushahidi dhidi yako.

Juzi Mideva aliniletea simu yake barazani. Alikuwa amepata video yako ya karibuni, wewe na yule kijana mkiwa na mavazi ya kijani. "Guga, angalia huyu wetu. Amekuwa mrefu, ai!" Nilisema sitaki, nikaangalia. Kabla hajakurusha, kamera ilikuwa karibu na nyuso zenu. Midomo yako ilitikisika, na ya kijana yule pia.

Mideva akarudisha nyuma. "Guga! Si wamesema *twende*?"

"Hapana," nikasema.

"Wamesema. Angalia mdomo. Moja, mbili, twende. Hata huyo mzungu!"

"Macho yako ni mabovu, Mideva. Wanahesabu Kirusi."

Alinitazama kwa namna ambayo mtoto hapaswi kumtazama mzee, akaingia ndani kuchemsha mayai. Nikabaki pale nikijua kwamba nimesema uongo ule ule kwa mara nyingine, kwa mtu asiye na hatia yoyote, ili tu nisilazimike kukubali kwamba ulichukua kitu kutoka kwetu ukakitunza. Nilimwita Mideva nikamweleza kila kitu. Alisikiliza amekunja mikono.

"Na hivyo vifuniko viko wapi?"

"Chini ya godoro."

"Guga. Miaka yote hiyo umelalia kitu ya wenyewe?"

Basi. Leo ameenda posta ya mjini navyo, amevifunga kwenye fulana aliyoitoa dukani kwake. Nilimhimiza aondoke asubuhi kabla sijabadili nia, na nilipomsikia akifungua lango nilikaribia kumwita arudi. Haviwezi kukufaa tena, miguu yako imekua. Lakini ni vyako, na mtumaji ni bibi yako. Mimi nilikuwa tarishi, na tarishi mbaya.

Waliokuwa Vihiga siku ile na walionisikia, nawaambia kupitia barua hii: kile nilichosema kando ya jeneza kilikuwa changu. Hakikuwa cha Ludmila. Alikufa akimpenda Nastia, akitaka ajue.

Mideva anataka nimalizie kwa kusema nami nimekusamehe. "Si uandike tu, Guga, uende na roho safi?" Nimejaribu. Nimekaa na kalamu muda mrefu. Lakini nimekudanganya mara moja na imetosha, na sitaki barua ninayoiandika kusahihisha uongo ibebe mwingine. Msamaha unaokujia ni wa bibi yako, wote, haujapunguzwa. Usiuchanganye na wangu, kwa maana wangu sijauona.

Yeye aliniambia nikuambie kwamba kwanza ulikwenda kwake. Nimekuambia.

Mimi, nikifumba macho, bado naona ulivyogeuka.

Guga wako,
Kabiria