Springi za Usi na Kiuno cha Mama

Kikwajuni, Unguja
Alkhamisi, 12 Agosti 1954

Kwa kaka yangu mpenzi Makungu,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Makunduchi, wewe, wifi Mwanapili na watoto, na mama naye pale kitandani awe na nafuu kuliko juzi. Huku mimi na shemeji yako Usi ni wazima wa afya, ila mmoja wetu hana akili, na ukifika mwisho wa barua utamjua ni nani.

Umeniuliza kwa nini gari halijaja kumchukua mama. Kaka, nshachoka kuulizwa. Tangu springi ya nyuma ilipokatika pale Tunguu, siku tuliyokuwa tukirudi kutoka kwenu, miezi miwili sasa, uani kwangu hapapitiki. Usi ni karani wa bandarini, kazi yake kalamu, lakini amejifanya mhunzi. Anasema waliolitengeneza gari lile kabla ya vita hawakuijua njia ya Makunduchi, na kwamba springi iliyokatika kwa watu wawili na vikapu vya nazi ilikuwa dhaifu tangu kiwandani. Basi ataitia nguvu yeye mwenyewe, nyumbani.

Springi zenyewe ni yale mabapa ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jingine, ndiyo gari linayoyakalia. Kila upande yalikuwa matano. Usi akaenda Malindi, hapo karibu na bandari, akarudi na mabapa ya lori bovu, akayakata, akayachoma moto kwa mivukuto ya kuazima, akayakunja juu ya kinu changu. Ndiyo, kinu changu cha kutwangia, sasa kimeungua ubavu mzima. Chuma kikishaiva anakizima kwenye mafuta, na mafuta yenyewe ni ya nazi, niliyoyapika siku mbili kwa ajili ya kumkanda mama. Nilipomuuliza, akanijibu kwa upole kabisa kwamba mengine hayakuwapo karibu. Sasa chuma kinanukia vizuri na mama hana mafuta.

Leo kila upande una mabapa manane, na vishikio vyake amevivalisha vipande vingine vya chuma. Jumapili tukalijaribu hadi Fuoni. Nilikaa nyuma, atakapokaa mama, nimepakata mayai kumi. Halikufika zima hata moja, na kichwa changu kiligonga dari mara mbili. Gari haliinami tena. Nikamwomba ayatoe mabapa aliyoyaongeza, akakataa katakata. Akaniuliza, ikiwa springi ilikatika kwa mzigo mdogo ule, nataka ikatike tena mama akiwa ndani?

Na mama unamjua. Tangu alipoteleza pale kisimani akaumia kiuno, wiki mbili hizi, gari la shamba, lile la abiria, ameapa halipandi, na daktari amesema asipofika hospitali ya mjini Jumatatu huenda asisimame tena.

Sasa kaa kitako, kaka. Mzigo ule haukuwa mdogo. Ijumaa ile tulipokuwa kwenu, nyinyi mlipokuwa msikitini, niliingia bandani nikachota chokaa mliyochoma wewe na mwenzio Msabah, pakacha kwa pakacha, nikajaza magunia mawili ndani ya gari na kuyafunika kwa nazi. Nilitaka kukipaka chumba cha mama huku, aje akae kwangu, na nilijua nikikuomba utasema mama hahami. Springi ilipokatika, Usi akaenda kutafuta msaada. Mimi na Bi Duni, mwenye nyumba iliyo kando ya njia, tukayaburura magunia hadi ukumbini kwake, Usi asiyaone. Yapo hapo mpaka leo.

Kwa hiyo Msabah hakukuibia. Uliponiandikia kwamba mmegombana kwa chokaa iliyopotea, na kwamba amehama hata safu msikitini asisimame karibu nawe, niliisoma barua yako, nikaikunja, nikakuacha uendelee kumdhania mwizi. Naona haya kaka, haya kubwa.

Jana nilimwambia Usi. Aliweka spana chini, akasema, "Basi kiwanda nimekionea bure. Na Msabah je?" Leo ndiyo nimeshika kalamu.

Kuyafungua mabapa yale kabla ya Jumatatu hawezi, kwani ameyabana kwa ribiti, misumari ya chuma iliyogongwa vichwa pande zote mbili, haifunguki kwa spana. Anasema dawa yake ni uzito, ndipo gari litulie. Jumapili asubuhi tutapitia Tunguu tupakie chokaa, tuishushe mlangoni kwa Msabah. Kwa safari ya kurudi na mama, waambie shangazi zetu walete nazi, muhogo, ndizi, chochote. Usi aliyekuwa akinuna kwa kila kikapu, safari hii hatakataa hata kimoja.

Msabah usimwambie wewe. Nitashuka kwake kwanza, nimwombe radhi nawe ukisikia, ndipo niingie kwa mama. Asiponisamehe sitamlaumu.

Nisalimie wifi na watoto. Mama msomee barua hii hadi penye mafuta ya nazi, uishie hapo. Yaliyobaki nitamwambia kwa mdomo wangu.

Ni mimi mdogo wako, yule asiye na akili,
Shemsa