Miezi Sita Nimekuficha

Dada yangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo. Cherehani mpya imenizoea, na mwanangu sasa anaandika jina lake kwa mkono wa kulia. Wa kushoto bado ni mzito, tangu bega lilipokwama akizaliwa, maana kisukari changu cha mimba kilimfanya awe mkubwa mno.

Siku ile ulikuwepo chumbani. Uliniona, ukaniapisha nisizae tena. Dada, nina mimba ya miezi sita.

Usiichane barua. Safari hii sikukurupuka. Mkunga aliniambia waziwazi, "Kisukari cha mimba kikishakupata mara moja, kinaweza kurudi. Anza kujikinga kabla hujashika mimba nyingine." Mwaka mzima nikaacha soda na chai ya sukari, nikawa naenda kazini na kurudi kwa miguu. Shemeji yako akanitania kwamba nafanya mazoezi ya kumkimbia. Nilipopungua kilo saba, ndipo tukakubaliana kutafuta mtoto wa pili.

Jana nilipimwa. Nilikunywa maji ya sukari, nikasubiri kwenye benchi kwa muda wa saa mbili. Mkunga aliisoma karatasi, akairudia, mpaka uzalendo ukanishinda.

"Sema tu, mama."

"Sukari yako iko sawa," akasema. "Lakini usijisahau. Endelea hivyo hivyo mpaka ujifungue."

Nililia mbele za watu. Bado naogopa, sitakudanganya. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, ila usinigombeze kwa barua. Njoo.

Mdogo wako,
Fundi