Bibi wa Kuazima

Durban, mwezi wa tano, 2012

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu mimi mwanao wa kwanza, na za mkweo, na za mjukuu wako Exaucé, ambaye bado hujampakata. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia ilifika, au waliobeba walijichua wao njiani? Na mihogo, mliwahi kuichimba kabla mvua haijaiozesha? Sisi tuko wazima, ila uzima wenyewe ndio huu nitakaokueleza, kwa sababu kwenye simu siwezi. Kila nikipiga unaweka sauti kubwa ili ua zima lisikie Durban inasemaje, na mimi nikisikia watu wote hao wanapumua, nasema tu "tuko sawa, Mungu ni mwema," nakata. Ndiyo maana nimeandika. Jirani yetu mmoja anarudi Uvira kwenye matanga ya baba yake, nimemwomba akupe mkononi. Tafadhali usimpe mdogo wangu Patient akusomee. Vaa miwani yako, jifungie chumbani.

Huku mwezi wa tano ndio mwezi wa kuingia baridi. Si baridi ya kuua mtu, ila lile joto la Durban linalokung'ang'ania kama shemeji aliyelewa limeondoka. Asubuhi tunavaa sweta, mchana tunazivua, na saa kumi na moja jioni jua limeshakwenda zake. Machenza yamejaa kila kona, na mjukuu wako anayapenda mpaka analala na vidole vinanuka chenza. Nyumba ni ile ile: chumba kimoja katika fleti ya watu wengi, pazia kati yetu na familia nyingine, jiko kwa zamu. Baba Exaucé bado analinda magari kwenye maduka kule Westville. Mimi bado nasuka nywele saluni mjini, ingawa tumbo sasa linanitangulia, na wateja wanalalamika kwamba mtoto anawapiga teke kwenye kisogo.

Habari za tumbo unazijua, lakini hujui kwamba Exaucé ndiye aliyetangulia kuzijua. Alianza kuinama katikati ya chumba, kichwa chini, matako juu, anachungulia katikati ya miguu yake. Baba yake akacheka, akasema, "Huyu anaita mugeni." Nikamwambia aache utani wake. Baada ya siku chache kliniki nayo ikasema kuna mgeni.

Nilipokuambia, hukunipongeza hata kidogo. Swali lako la kwanza lilikuwa, "Bado ananyonya?" Nikasema ndiyo, ukapiga ukelele. Maziwa ya mimba ni ya huyo aliye tumboni, ukasema. Yatamharisha mkubwa wake, atavimba miguu, nywele zitageuka rangi, atashikwa na bwaki. Mwachishe leo hii. Muuguzi wa kliniki, mama mmoja wa Kizulu mwenye roho nzuri, aliniambia kinyume: "Eish, sisi," ndivyo huku wanavyomwita dada, "mnyonyeshe tu mpaka mwenyewe uchoke. Hakuna ubaya." Nikawa katikati yenu kama nguo inayokamuliwa na watu wawili. Mwishowe nikakufuata wewe. Muuguzi nitamwona mara chache katika maisha yangu. Wewe ni mama yangu.

Mshubiri huku unapandwa kando ya barabara kama maua, na wakati huu ndipo unapoanza kuchanua. Nilivunja jani moja mbele ya jengo la watu, mlinzi akanifokea, nikakimbia na tumbo langu mpaka nikavuka robot, taa za barabarani, bila kuangalia rangi. Nikafika nyumbani, nikajipaka utomvu wake mchungu kwenye ziwa. Exaucé akaonja, akakunja uso, akanitazama kama mtu aliyeuziwa nyama mbovu. Kisha akashika ukingo wa kitenge changu, akafuta taratibu, akaendelea kunyonya. Baba yake alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Nakwambia hili ujue kwamba humu ndani tulikuwa tunacheka.

Kwetu mshubiri ukishindwa, kuna bibi. Mtoto anapelekwa kwa bibi yake, analia kidogo, anakula, anacheza na wenzake, anarudi amesahau ziwa. Mimi bibi nitamtoa wapi? Wewe uko Uvira, mama mkwe amelala kaburini. Nikaazima. Tuna mama mmoja wa kanisa letu, Maman Béatrice, anakaa Isipingo, anauza vitenge na majani ya sombe pale karibu na stendi ya taxi. Ni mtu mzima, amelea watoto wake na wa wenzake, mikono yake safi. Tulimwomba, akakubali hata hatujamaliza kueleza. Akatupa masharti yale yale unayoyajua: tusije kumwona, tusipige simu akasikia sauti yangu, mpaka juma lipite.

Basi nikamfungia nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, baba yake akampeleka. Mimi nikabaki nimejifunga kitenge kifuani, maziwa yananiuma, nasuka nywele za watu na machozi yananidondokea mikononi. Wenzangu saluni walinicheka. Walisema kila mtoto huachishwa, hakuna aliyewahi kufa kwa hilo.

Kosa langu nililiona baadaye, Mama. Kwetu mtoto akipelekwa kwa bibi, anakwenda nyumba anayoijua. Huyo bibi ndiye aliyemwogesha siku ya kwanza. Kila siku wanaonana, mlango kwa mlango. Exaucé alikuwa anamwona Maman Béatrice Jumapili tu, kwa mbali, akiwa amevaa kofia. Mimi nilishika desturi bila watu wake. Kwa macho ya mtoto, baba yake alimbeba akampa mama wa barabarani na mfuko wake wa nguo, kisha akaondoka.

Siku ya kurudi, Maman Béatrice alimleta mwenyewe, na sombe ya zawadi juu yake. Mtoto amenenepa, amepakwa mafuta anang'aa, kucha zimekatwa. Nikapiga magoti na tumbo langu, nikafungua mikono. Exaucé akaja mpaka mbele yangu, akasimama, akanipa mkono. Mkono, Mama, kama wanavyofundishwa kuwasalimu wageni! Kisha akarudi kusimama nyuma ya sketi ya Maman Béatrice.

"Ona vile amekuwa grand, mukubwa kabisa!" yule mama akasema, furaha imemjaa. "Hata halie. Vraiment, kazi imeisha."

Nikamshukuru. Alikuwa amefanya yote tuliyomwomba, na kwa upendo.

Tangu hapo kila mtu ananipongeza. Exaucé hasumbui. Anakula ugali, anakula sombe, anakunywa maji, analala akilazwa. Halii akianguka, anainuka, anajipangusa, anaendelea. Majirani wa upande wa pili wa pazia wanamtolea mfano kwa watoto wao. Lakini haniiti. Anamwita baba yake, anaita chenza, anaita gari. Mimi akinitaka, anakuja kusimama karibu na kungoja mpaka nigeuke. Na viatu havui. Tukimvua usiku, asubuhi tunamkuta ameketi chini anahangaika kuvivaa, kushoto kulia, kulia kushoto.

Nilimwambia Baba Exaucé, akanijibu, "Wewe nawe, unatafuta matatizo mahali haiko. Mutoto anakula, analala. Donc unataka nini? Alie?"

Nikamwambia ndiyo, nataka alie.

Akatikisa kichwa, akajivutia blanketi. Lakini siku iliyofuata alikuwapo nilipochukua mkoba wangu kwenda kliniki, akaona mwenyewe. Exaucé aliniona na mkoba, akaacha kucheza, akaenda kwenye kona, akavuta ule mfuko wa plastiki. Akaweka ndani sweta yake na kikombe chake. Akaja nao mlangoni, akasimama. Hakukataa, hakushika nguo yangu. Alisimama tu na mfuko wake, kama abiria anayejua kwamba gari litakuja, alitake asilitake. Nilimwambia, "Hapana baba, mama anakwenda na kurudi." Akanitazama bila kubisha, na mfuko hakuuweka chini. Baba yake akageukia dirisha. Tangu siku hiyo hajaniambia tena kwamba natafuta matatizo. Akirudi kazini anapiga magoti, anakuwa farasi, anazunguka chumba na mtoto mgongoni, miguu imechoka kwa kusimama kutwa. Exaucé anapanda na viatu vyake.

Nitakuambia na jambo jingine ambalo sijamwambia mtu, nawe unaweza kunigombeza. Siku moja tulipokuwa wawili tu, nilimrudishia ziwa. Nilijua hakuna maziwa ya maana, nilijua umenikataza. Nilijilaza kitandani, nikamvuta karibu, nikafungua. Alilitazama. Kisha akachukua ncha ya kitenge changu na kunifunika, polepole, kama mtu anayefunika sufuria isiyo yake. Akashuka kitandani. Mama, nililia mpaka huyu wa tumboni akaanza kurukaruka.

Sasa sikia kinachoninyima usingizi. Huyu mwingine anatarajiwa mwezi wa nane. Siku hiyo nitakwenda hospitali, na hospitali hawaruhusu mtoto kuingia wodini. Baba yake akikosa kazi siku mbili, mwenzake anavaa lile koti la kung'aa la walinzi na nafasi imekwenda. Wifi yangu yuko Johannesburg na wanne wake na chumba kimoja. Jirani wa pazia naye anakwenda kazini alfajiri. Nimezunguka kichwani kote, na kila nikizunguka narudi Isipingo. Maman Béatrice ameshasema, "Umulete tu, ananizoea." Ni kweli, amemzoea. Nitamfungia tena nguo zake kwenye mfuko, au hata hatanisubiri, atafunga mwenyewe. Atakwenda bila kulia. Na atakaporudi atakuta kuna mwingine kifuani pangu, ananyonya. Atafikiri nini, Mama? Ningekuwa mimi ningefikiri nimepata jibu la kwa nini niliondolewa.

Nimeomba. Nimefunga na kusali pamoja na akina mama wa kanisa, wao wakamshukuru Mungu kwa mtoto wangu mtulivu. Nimemnunulia gari la plastiki, amelipokea kwa mikono miwili kama mtu mzima. Siwezi kumbeba muda mrefu, mgongo unakataa. Siwezi kumweleza, maneno hajayapata. Sijui la kufanya. Mimi niliyekuwa nawaamulia wadogo zangu wote, nimeshindwa na mtu asiyefikia hata kimo cha meza.

Salamu nazitanguliza hapa, maana neno la mwisho ni lako peke yako. Nisalimie Baba, mwambie mkwe wake anamtafutia ile suruali, kiuno chake tu ndicho hakipatikani. Nisalimie shangazi muuza samaki wa ndagala, na mama mkubwa aliyenisuka siku ya harusi. Mwambie Patient aache kuniomba viatu, aniombee uzima. Na yule mke wake mpya, ambaye namjua kwa picha tu, mwambie nampenda hivyo hivyo.

Sasa, Mama. Nyumbani mmezoea kusimulia, kwa kicheko, jinsi nilivyopelekwa kwa bibi mlimani mimba ya Patient ilipoingia, na jinsi nilivyorudi na mashavu kama maandazi. Hadithi inaishia hapo kwenye mashavu. Kilichofuata hamkisimulii.

Siku ya kumzaa Exaucé, uchungu uliponizidi, nilipiga kelele kumwita mtu. Sikukuita wewe. Niliita "Bibi! Bibi!" mpaka muuguzi akatoka nje kumwuliza mume wangu huyo bibi ni nani, aje. Bibi aliyekufa nikiwa darasa la pili. Sikukuambia kwa simu, ningekuambiaje na watu wote wale wanasikiliza? Lilitoka lenyewe, Mama. Hata leo nikijikata na kisu, nikishtuka barabarani, linatoka hilo hilo. Kwa hiyo lazima lilikuwa linatoka hata utotoni, nilipoanguka uani. Nawe lazima ulikuwa umesimama hapo hapo, Patient mgongoni, unanisikia.

Sikulaumu hata kidogo. Ulifanya walivyofanya wote, na mimi nimefanya ulivyofanya wewe. Nataka tu kujua ulifanya nini baada ya hapo. Kama kuna kitu kilisaidia, hata kidogo, niandikie nami nikifanye kabla ya mwezi wa nane. Na kama hakuna, niandikie hivyo hivyo, nijue kwamba mtu anaweza kuishi nalo.

Ni mimi, mtoto wako,

Riziki