Filta, Mkanda na Bwana Vifungo

Jumatano, 4 Juni

Kaka yangu hana adabu! Amepita jioni, akaisikiliza injini ya gari letu mikono kiunoni, akasema oili imechoka na filta nayo imechoka, tumpelekee gereji kwake. Mume wangu akasema hapana, atabadilisha mwenyewe, hapa hapa uani. Kaka akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe, Bwana Vifungo? Utaishona?"

Mume wangu ni fundi cherehani. Hilo jina kaka alimbandika siku ya harusi yetu, na sasa hata mama yangu analo mdomoni. Mwenyewe hutabasamu tu. Lakini mimi ndiye ninayeishi naye, najua linavyomkera.

Basi wamepeana masharti. Jumapili kaka atakuja kukagua kabla hatujaenda wote kwa mama. Kazi ikiwa safi, jina la Vifungo linakufa, na kaka mwenyewe atalitangaza hilo mbele ya mama. Ikiwa mbovu — mume wangu atazikwa nalo.

Ijumaa, 6 Juni

Filta mpya imenunuliwa. Imewekwa juu ya kabati kama kombe la mpira, hakuna ruhusa ya kuigusa. Nimemuuliza ya zamani iko wapi kwenye gari. Chini, akasema. Chini wapi? "Chini, mke wangu, chini!"

Hajui.

Jumamosi, 7 Juni

Mbavu zangu!

Asubuhi mume wangu kapandisha gari kwa jeki, kapanga matofali, kajilaza chini. Oili kaimwaga vizuri, sina la kusema — ila kwenye beseni langu la kufulia! Kisha filta. Kaitafuta chini, mbele, pembeni. Kafungua boneti, kafunga, kafungua tena. Nilipompelekea chai nikainama kidogo tu nikaiona, imejibanza nyuma ya injini, imejaa vumbi. Nikanyamaza. Alikuwa anapendeza na ile pua nyeusi.

Baadaye akasema anakwenda mara moja kwa wauza spea, "kuulizia kitu kidogo." Alipokata kona tu, ibilisi akaniingia.

Filta iligoma. Mikono inateleza. Nikachukua mkanda wake — ule wa ngozi, wa kutokea — nikaizungushia na kuvuta. Ikaachia! Nikafungua boksi la mpya. Kule famasi ninakofanya kazi, kila siku nawaimbia wateja wasome karatasi ya dawa mpaka mwisho. Mimi nilisoma mstari wa kwanza: paka oili kwenye mpira wa ukingoni. Nikapaka, nikafunga, nikakaza kwa mkono. Mkanda nikaufuta na kuutundika. Filta ya zamani nikaificha chini ya sinki, boksi tupu nikalirudisha juu ya kabati.

Akarudi. Akainama kwenye injini, akaganda. Ameiona, na inang'aa! Mimi nipo dirishani, ngumi mdomoni. Akaingia ndani, akalitikisa boksi. Akanitazama. Nikamuuliza vipi.

"Nimemaliza," akasema.

Mwongo mkubwa! Akamimina oili mpya, akampigia kaka simu, kifua mbele. Nami nikampongeza kama mke mwema. Nimecheka bafuni, bomba nimelifungulia.

Jumapili, 8 Juni

Sicheki tena. Asubuhi mume wangu aliwasha gari kulipasha moto, akaenda kuoga. Nikaona matone ya oili chini. Nikaitoa filta ya zamani kule sinkini — haina mpira! Mpira wake umebaki umegandia kwenye injini, nami nimefunga mwingine juu yake. Mstari wa pili wa ile karatasi ndio unasema hakikisha wa zamani umetoka. Nimeusoma leo.

Nilitaka kumwambia. Kaka akapiga honi.

Nimekimbilia chumbani, eti natafuta mtandio. Dirisha liko wazi, nasikia kila kitu. Kaka kajilaza chini ya gari, anacheka mpaka anakohoa. Mpira juu ya mpira, anasema, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hafanyi hivi. Nani kafunga?

Nikikiri, mume wangu ni mwongo mbele ya kaka. Nisipokiri, ni Vifungo milele.

"Mimi, shemeji," anasema mume wangu. "Sikusoma karatasi mpaka mwisho."

Mpaka mwisho? Hayo ni maneno yangu!

Nimechungulia. Amevaa ule mkanda. Una oili mpaka kwenye matundu, na shati lake jeupe lina doa kiunoni. Alijua tangu jana! Anatazama dirishani moja kwa moja, anatabasamu tabasamu lake lile lile, na kaka anampigapiga mgongoni. Nampenda mtu huyu, na naona aibu.

Kaka anaita nilete beseni upesi, mama anasubiri, leo Vifungo ana habari ya kumsimulia.

Mtandio nimeutupa kitandani. Filta ya zamani ninayo mkononi, naelekea mlang—