Sabuni ya Rumonge kwenye Shavu la Kulia

Katumba,
Mpanda, Katavi.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Venant,

Amahoro. Mwezi huu imetimia miaka hamsini na mitatu tangu tutoke kwetu Burundi, wewe ukiwa mgongoni kwa mama na mimi nimebeba sufuria kichwani, na huu ni mwaka wa kumi na sita tangu wewe urudi, ukaniacha hapa Katumba. Nimeifanya hesabu hiyo pembeni mwa karatasi, nikaitazama kidogo, kisha nikaendelea kuandika.

Hujambo lakini? Shemeji Athanasie hajambo? Goti lake limepata nafuu, au bado analipaka yale mafuta ya mnyonyo? Na watoto, na wajukuu? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Presha yangu imetulia tangu niache chumvi ya mezani. Pudensiana analalamikia mgongo, maana mahindi ndiyo kwanza tumemaliza kuvuna, na yeye huwa hakubali kuvuniwa. Kijana wetu Heri ameuza tumbaku yake kwa bei isiyotia aibu, na ameniletea redio mpya ambayo sijaizoea.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hukatika pale pale jambo linaponoga, halafu unaniambia umesikia yote. Safari hii nina mambo yaliyopimwa, na mambo yaliyopimwa yanataka karatasi. Kaa vizuri, Venant. Sijafurahia jambo namna hii tangu nilipostaafu ualimu.

Ernestine, yule binti wa jirani yetu aliyekuja huko kwenye msiba wa shangazi yake, alifika salama baada ya Pasaka. Sabuni mbili za mawese za Rumonge ulizompa zilifika nzima, ndani ya majani ya mgomba yaliyokauka. Nilipokata kamba harufu yake ilinifikia kabla sijaiona rangi, nikalazimika kukaa. Ni ile ile aliyokuwa akijipaka baba kidevuni kila Jumamosi, akinyoa huku akijitazama ndani ya beseni la maji, na sisi tumekatazwa kupita karibu tusije tukayatikisa. Wewe hukuwa umezaliwa. Nakueleza ili ujue ulichonitumia.

Sasa nikukumbushe tulivyokubaliana kwenye simu siku ya Pasaka, usije ukasema nimegeuza maneno. Ulisema hakuna sabuni ya Mpanda itakayonyoa ndevu ikaifikia ya Rumonge. Ya Rumonge ikishindwa, hutanitajia tena habari za kurudi. Ikishinda, nifunge mzigo nije nimalizie uzee wangu kwenye kile kiwanja cha baba ulichohangaika miaka yote hiyo hadi ukakirudisha. Nilicheka, nikasema nimekubali. Nawe ukasema mwanaume ni neno lake.

Nikashika kazi. Washindani walikuwa wanne. Wa kwanza ni krimu ya kunyolea ya tyubu, wanayouza maduka ya Majengo pale mjini kwa shilingi elfu saba. Wa pili ni sabuni ya mche, ile ya kufulia, ambayo nusu ya wazee wa hapa ndiyo wanayonyolea hata kama hawasemi. Wa tatu ni ya mke wangu. Unamjua Pudensiana, Mkonongo wa Inyonga hawezi kukaa bure: yeye na wanawake wenzake wanapika sabuni kwa kostiki, mawese ya Kigoma na mafuta ya ng'ombe wanayonunua kwa Wasukuma, wanauza kipande shilingi mia tano. Wa nne ni wako.

Gharama niliipima kwa njia ambayo naionea fahari. Karibu na kinyozi wangu pale Majengo kuna mnunuzi wa dhahabu, anaitwa Lyamba, ana mizani ndogo inayohisi hata pumzi ukiinamia. Wenye dhahabu huigawa gramu moja katika pointi kumi. Nilimwomba anipimie kila sabuni kabla ya kunyoa na baada ya kunyoa, ikishakauka. Mara ya kwanza alidhani nimepata wazimu. Wachimbaji waliokuwa kwenye foleni walimuuliza huyu mzee ana mgodi upande gani, Lyamba akawajibu kwamba dhahabu yangu ni ya ajabu, ukiipa maji inatoa povu. Ila alipima. Hata akawa ananikaripia nikileta sabuni mbichi.

Krimu ya tyubu inakwenda gramu mbili kila unaponyoa, na kwa bei yake ni shilingi mia moja na arobaini. Hizo nyingine tatu, ukizidisha na kugawanya, zinaangukia kwenye shilingi tano hivi kila moja. Yako inapungua pointi nane tu, maana ni ngumu na haina haraka ya kuyeyuka, lakini kwa gramu ni ghali kidogo kuliko ya mche, basi zinakutana njiani. Sikuhesabu nauli ya Ernestine. Ningeihesabu, Venant, ungekuwa umeshindwa kabla wembe haujatoka kwenye karatasi yake.

Kwa ubora wa kunyoa nilianza vibaya. Wiki nzima nilitumia maji ya kisima cha hapa kijijini, ambayo yana chumvi, na sabuni zote zikanitia aibu. Povu lilikatika kama maziwa yaliyochacha. Yako nayo ilikatika, na nakiri nilifurahi kidogo. Pudensiana alinikuta uani na vibakuli vinne, akatazama, akauliza, "Baba Heri, unapima sabuni au unapima kisima?" Akanichotea maji ya mvua kutoka kwenye tangi, yale anayoyatunza kwa ajili ya maharage, akasema sabuni ya mtu isihukumiwe kwa maji ya mwingine.

Loo! Kwa maji ya mvua mambo yalibadilika kabisa. Ya tyubu ilijaa uso mzima, lakini ni hewa tupu, wembe ukipita unasikia ngozi. Ya mche inakauka ukiwa bado uko sikioni, kidevu hujakifikia, na kesho yake shingo ina vipele. Nikaziondoa hizo mbili. Ya Pudensiana na yako zilikuwa jambo jingine. Povu zito, fupi, linang'ang'ania ndevu, na wembe unateleza kama uko kwenye siagi. Nilinyoa kwa hii, nikanyoa kwa ile, nikashindwa kuamua. Wakati mwingine nilijishuku kwamba naipendelea yako kwa sababu ya harufu, mara najishuku kwamba naipendelea ya hapa kwa sababu ya ule mkataba wetu.

Kinyozi wangu, Malale, Msukuma mwenye maneno, ndiye aliyetatua. Yeye na Lyamba nilikuwa nimewasimulia habari yote ya Pasaka, na pale kijiweni ilikuwa imekuwa kama mechi. Malale alisema mnyolewaji hawezi kuwa refa. Tunyoe shavu moja kwa sabuni hii, jingine kwa ile, na refa awe mtu mwenye mkono unaoijua ngozi yenyewe. Pudensiana alikuwa anakuja mjini Alhamisi kupeleka sabuni madukani. Nikasema sawa.

Nilimwambia kwamba tunashindanisha sabuni yake na ya Rumonge. Habari ya mkataba sikumwambia. Niliona ni mzaha wa ndugu wawili, na mzaha ukiueleza sana unapoa.

Alhamisi hiyo nilikalishwa kwenye kiti. Malale alikwenda nyuma ya pazia kukoroga mabakuli mawili asiyaone mtu, kisha akaniziba pua kwa pamba nisije nikanusa. Huku ananinyoa akanitania kwamba ndevu zetu Warundi zina tabia ya kukimbia wembe. Nikamjibu kwa sauti ya pamba kwamba tangu tupewe uraia zimetulia. Watu walicheka, na mimi ikabidi nijizuie kucheka maana wembe ulikuwa kooni. Alipomaliza alinisafisha, akanipaka spiriti mashavu yote mawili ili harufu iwe moja, ndipo akamwita Pudensiana aliyekuwa anasubiri nje na kapu lake.

Alinishika kwa upande wa nyuma wa mkono, kama anavyopima joto la mtoto. Kulia, kushoto. Akarudia, taratibu, kutoka chini kwenda juu, kinyume cha ndevu. Sikujua mwenyewe shavu lipi ni la nani, na moyo wangu, Venant, ulikuwa unadunda kama wa kijana anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Hapa," akasema, akagusa la kulia. "Hapa pamelala. Kule kuna kama mchanga."

Malale akapiga makofi, akainua ile sabuni yako juu kama kombe. Ilikuwa Rumonge. Kisha, kwa furaha tu, bila ubaya wowote, akasema, "Mama, umempa mzee nauli ya Burundi!"

Pudensiana aliuliza ana maana gani. Mimi bado nilikuwa na pamba puani. Mwishowe Malale alimweleza, sauti ikipungua kila neno. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu aliuliza bakuli lake ni lipi, akalinusa, akachovya kidole akasugua, akasema, "Kostiki imezidi. Na hatukuiacha ikakomaa." Akabeba kapu, akaniambia bajaji inasubiri.

Njiani aliongea na dereva juu ya bei ya mchele wa Usevya.

Mchana ule ule nilimkuta chumbani ametoa begi langu chini ya kitanda, anakunja suruali zangu za kanisani. Nilimuuliza anafanya nini. Aliniambia amesema kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu na hawezi kusema hakusema, na mimi nimeahidi ndugu yangu, basi niende, ila niende kabla ya mvua ili ajue shamba analima na nani. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Nikamwambia ulikuwa mzaha tu.

"Kama ulikuwa mzaha," akasema, "mbona nyie wote mmecheka, mimi tu sikuambiwa nicheke?"

Nilikaa kitandani. Baadaye nikaanza kutoa suruali moja moja kwenye begi na kuzitundika kwenye misumari ukutani. Alinitazama hadi ya tatu, kisha akasema misumari itazitoboa, nilete hapa. Akazipanga sandukuni mwenyewe. Begi nililirudisha mimi chini ya kitanda.

Usidhani furaha yangu iliishia hapo. Tangu Ijumaa nyumba hii imekuwa kiwanda. Amepunguza kostiki, ameongeza mafuta ya ng'ombe, na sabuni mpya ziko darini zinakomaa, na mimi nimekatazwa kuzigusa kama tulivyokatazwa lile beseni. Malale ameshasema zikikomaa vizuri atachukua za kuanzia, maana wazee wa Majengo waliosikia ile mechi wanataka kunyolewa kwa povu la brashi, wameanza kuziona zile mashine za umeme ni za watoto. Tuna ombi kwa Athanasie. Awaulize akina mama wanaopika sabuni pale Rumonge huiacha ikomae kwa muda gani kabla ya kuuza, na kama huikausha juani au kivulini. Pudensiana amesema niandike kwamba anauliza kwa heri, na kwamba mwakani hamtatushinda.

Na Ernestine anakuja huko tena mwezi wa nane. Tutampa vipande vya sabuni hii mpya. Nyoa unavyonyoa wewe, kwa wembe mpya na maji ya mvua, halafu Athanasie akushike mashavu. Ila yeye mwambieni kila kitu kwanza.

Nisalimie Athanasie sana, na Joséline na mume wake, na yule mjukuu aliyepewa jina langu. Mwambieni jina hilo halipendi uvivu. Wasalimie wote wanaonikumbuka pale kilimani, hata kama sasa ni wachache. Heri anawasalimu, Pudensiana anawasalimu. Mungu awajalie mvua ya wakati wake, afya, na usingizi usiokatika, na aendelee kukuangalia wewe mdogo wangu kwa sababu mimi niko mbali.

Sabuni yako imeshinda, nakiri kwa maandishi, na Malale na Lyamba ni mashahidi. Neno langu nilikupa wewe, lakini nililiweka juu ya mtu ambaye hakuwepo tulipokuwa tunacheka, kwa hiyo nalirudisha na uniite mwanaume wa namna yoyote upendayo. Kiwanja cha baba kigawe kwa watoto wako, wajenge. Mke wangu hajawahi kuvuka mto Malagarasi. Sitamwomba avuke uzeeni, wala sitamwacha upande huu. Umeniuliza kila mwaka, nami kila mwaka nimekujibu kwamba nangoja mavuno. Mavuno yameisha, na nakujibu sasa. Sitarudi.

Kaka yako, kwa upendo usiopungua,
Ladislas