Mkia wa Grafu ya Maji

Alhamisi

Mstari mmoja tu wa kuandika kwenye programu, na sikuuandika. Mjinga mimi.

Tuliuliza nyumba za mtaa wa Ruziba bomba linatoa maji kwa saa ngapi kila siku. Nyingi ziko karibu na sifuri kabisa. Lakini programu ya kuchora grafu, usipoiambia data inaanzia sifuri, inalainisha grafu mpaka chini ya sifuri, kana kwamba kuna nyumba inayopata maji kwa saa pungufu ya sifuri. Dawa naijua: unaandika kwamba mpaka ni sifuri, na zile nyumba zilizomwagika chini yake zinarudishwa juu, zihesabiwe. Shefu wa ofisi alikuwa anangoja rapoti. Nikaukata tu ule mkia wa chini ya sifuri pamoja na nyumba zake, picha ikawa safi, na nyumba zisizo na maji zikaonekana chache kuliko zilivyo.

Leo tumewaonyesha watu wa mtaa. Mama mmoja akasimama.

"Mi na majirani yangu tuko wapi kwa hii grafu? Kwetu maji inatoka nusu saa, inakatika."

Nikaweka kidole pale mstari unaposhuka, pale pale nilipoukata mkia. "Uko hapa, mama."

Akakitazama kidole changu. "Aksanti, mwanangu," akasema, akakaa.